Shajara ya mradi: kijitabu cha upungufu wa damu kwa walezi

Januari 2025

Leo tumekubaliana: kijitabu kinaandikwa. Tuko watatu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya selimundu (sikoseli, ugonjwa wa kurithi unaokunja seli nyekundu za damu), mwenzangu ni mtaalamu wa maabara, na wa tatu ni mama mwenye watoto wawili wa sikoseli ambaye atasoma kila ukurasa kabla haujapitishwa. Yeye asipouelewa, unarudi mezani.

Tutaeleza tiba za aina mbalimbali za upungufu wa damu, na kila tiba tutaifuatisha na jaribio la kitabibu lililoonyesha kuwa inasaidia, haisaidii au inadhuru. Mengi ya majaribio hayo yamefanyika huku kwetu: Pemba, Kilifi, Mbale, Kampala, Kinshasa. Damu iliyopimwa ni ya watoto wa huku. Matokeo yakatoka kwa Kiingereza kwenye majarida ya London na Boston, na mama aliyembeba mwanawe mgongoni kwenda kutolewa damu hajaletewa jibu kwa lugha anayolala na kuamka nayo. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nianze.

Sababu nyingine ni ombi ninalolisikia kila siku ya kliniki: "Nesi, si unipe tu dawa ya kuongeza damu." Mjamzito analitoa, bibi aliyemleta mjukuu mwenye sikoseli analitoa, mzee wa figo analitoa, na wote wanafikiria kitu kilekile: chupa ya dawa nyekundu ya duka la dawa, au jagi la juisi ya rozela na bitiruti. Siwalaumu hata kidogo, maana ndivyo walivyoelekezwa. Lakini damu kupungua ni dalili. Nyuma yake yako magonjwa yasiyofanana kabisa: chuma kimeisha mwilini, minyoo ya safura inanyonya, malaria inapasua seli, mtoto amerithi himoglobini (protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni) yenye kasoro, figo zimechoka, uboho wa mifupa umeacha kuzalisha damu. Dawa inayomnyanyua mmoja yaweza kumlaza mwingine. Mlezi akiondoka na hilo peke yake, kijitabu kitakuwa kimefanya kazi.

Januari, mwishoni. Ukurasa wa vipimo

Huu umeandikwa na mwenzangu wa maabara, nami nimepunguza tu.

Tumeweka viwango vya Shirika la Afya Duniani: mjamzito huhesabiwa ana upungufu himoglobini ikishuka chini ya gramu 11 kwa desilita (10.5 katika miezi mitatu ya kati), mwanamke asiye mjamzito chini ya 12, mwanamume chini ya 13. Kwa watoto shirika lilirekebisha viwango mwaka 2024: miezi 6 hadi 23 ni chini ya 10.5, miezi 24 hadi 59 ni chini ya 11.

Kisha akanikalisha kwenye hadubini. Slaidi mbili, watoto wawili, wote himoglobini 7. Kwenye ya kwanza seli nyekundu zilikuwa ndogo, zimepauka katikati kiasi kwamba ukingo tu ndio ulioshika rangi. Huyo chuma kimemwishia. Kwenye ya pili zilikuwepo seli zilizojikunja na kuchongoka ncha mbili, nyingine nzima, nyingine zimevunjika. Huyo ni sikoseli. Mashine ilikuwa imetoa namba ileile kwa wote wawili.

Kwa hiyo mwenzangu amedai, nami nimekubali, kwamba ukurasa wa vipimo usiishie kwenye namba. Umwambie mlezi aulize: "Ni upungufu wa aina gani?" Na kwa mtoto wa selimundu tumeongeza sanduku la kuandika himoglobini yake ya siku za kawaida, siku ambazo haumwi. Wengi wao huishi na 7 au 8 mwaka mzima, wanakwenda shule na kucheza. Akifika kwenye zahanati ngeni usiku na mhudumu akaona 7, atataka kumtundikia damu mara moja. Kumbe kinachotakiwa kujulikana ni kama ameshuka kutoka kwenye kawaida yake. Mama yetu msomaji amesema sanduku hilo liwe kwenye jalada la nyuma, ambako mtu analiona bila kufungua kurasa. Limehamishwa.

Februari. Pemba

Huu ndio ukurasa niliouwaza tangu mwanzo, na nimeupa nafasi kubwa kuliko yote.

Pemba imechunguzwa sana kwa habari ya damu. Katika miaka ya 1990 watafiti waliwapima watoto wa shule za kisiwani wakaonyesha jinsi safura inavyowamaliza chuma: mnyoo hung'ata utumbo na damu hupotea kidogo kidogo kila siku, hadi akiba inakwisha. Palipo na upungufu mkubwa kiasi hicho, wazo la kuwapa watoto wote chuma lilionekana halina ubishi. Jaribio likapangwa, likiendeshwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Chake Chake pamoja na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa kura: wengine wapate chuma na asidi ya foliki (vitamini inayosaidia kutengeneza damu), wengine pamoja na zinki, wengine zinki peke yake, wengine vidonge visivyo na dawa. Hesabu iliyochapishwa kuhusu chuma ni ya watoto 24,076.

Tarehe 19 Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa kabla ya wakati. Bodi inayosimamia usalama ilikuwa imefungua takwimu na kukuta kwamba watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa wanalazwa na kufariki zaidi. Ripoti ilipotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, tofauti ilikuwa asilimia 12 zaidi ya kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mzito. Jaribio dada lililofanyika Nepal, sehemu isiyo na malaria, halikuona madhara hayo.

Ningeishia hapo, mlezi angefunga kijitabu akiamini chuma ni sumu. Ndani ya jaribio lilelile kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria ipasavyo. Humo, waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika, madhara yakawa machache kuliko kwa wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kisiwa kilekile na kidonge kilekile. Aliyehitaji chuma kilimfaa. Walipogawiwa wote bila kupimwa, mahali malaria ilipokuwa nyingi, walioumia wakawa wengi kuliko walionufaika.

Mama yetu aliuliza kwa nini mwili usikatae tu chuma usichokihitaji. Swali zuri, na jibu lake linastahili nusu ukurasa. Ini hutoa homoni iitwayo hepsidini. Mwili ukiwa na chuma cha kutosha, au ukiwa na homa ya malaria au maambukizi mengine, hepsidini hupanda na kufunga mlango wa utumbo, chuma kisiingie kwenye damu. Ni ulinzi, kwa kuwa vijidudu vingi navyo hutafuta chuma. Mtoto mwenye malaria akinyweshwa chuma, kingi kinabaki tumboni bila kazi. Na pale chuma kinapofanya kazi, uboho hutoa seli nyekundu changa, na maabara zimeonyesha kuwa vimelea vya malaria huziingia seli changa kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unataka palipo na malaria, chuma cha watoto kiende sambamba na kinga na matibabu ya malaria.

Kwa mlezi tumeandika hivi: chandarua, kipimo cha malaria na dawa ya minyoo ni sehemu ya tiba ya damu. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza, chuma kitafuata.

Machi. Wajawazito

Ukurasa mfupi, na ni wa kutuliza. Habari za Pemba zilisababisha hofu kwamba vidonge vya kliniki ya wajawazito navyo vinaleta malaria. Magharibi mwa Kenya wajawazito 470 waligawanywa kwa kura, nusu wakapata miligramu 60 za chuma kila siku na nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2015: malaria haikutofautiana kwa maana yoyote, karibu nusu ya wanawake wa kila kundi walikutwa nayo. Watoto wa waliomeza chuma walizaliwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Gramu 150 kwa kichanga si kidogo, yeyote aliyewahi kupima watoto wachanga anajua.

Wengi huacha vidonge kwa sababu ya kichefuchefu na choo kigumu. Utafiti wa Uswisi wa 2017 kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma ulionyesha kuwa anayemeza siku moja na kuruka moja hufyonza sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge kuliko anayemeza kila siku, kwa sababu hepsidini hupanda baada ya dozi na huhitaji muda kushuka. Tumeandika kwamba mjamzito asijipangie mwenyewe kuruka siku, amwambie muuguzi anavyojisikia. Na chai isubiri, isinywewe pamoja na kidonge. Hilo limezoeleka kusemwa kliniki, lakini bado naona vikombe kwenye benchi.

Chuma cha kuchoma kwenye mshipa nacho tumekitaja kwa mistari michache. Jaribio la Malawi lililochapishwa mwaka 2023 liliwapa wajawazito dozi moja ya mshipani na kuwalinganisha na vidonge. Upungufu wa chuma ulipungua, ila walioonekana na upungufu wa damu mwishoni mwa ujauzito hawakutofautiana sana kwa makundi yote mawili. Chuma kimejaa, damu haijapanda vile ilivyotarajiwa: maana yake chuma hakikuwa sababu pekee.

Machi, mwishoni. Damu ya kuongezewa

Nimefanya kazi wodi ya watoto msimu wa mvua. Najua hali ya kusimama na mtoto ambaye viganja vyake ni vyeupe kama karatasi, anapumua kwa mbavu, na benki ya damu inasema subirini. Kwa hiyo majaribio ya TRACT niliyasoma kwa moyo wote.

Yalifanyika Uganda na Malawi kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 12 wenye himoglobini chini ya 6, na kuchapishwa mwaka 2019. Swali la kwanza: damu kiasi gani? Watoto 3,196 walipangwa kupata mililita 20 au 30 kwa kila kilo. Ukiwajumlisha wote, vifo havikutofautiana. Ukiwatenganisha kwa joto la mwili, picha inageuka. Mtoto asiye na homa aliyepata 30 alikuwa na hatari ya kufariki chini ya nusu ya mwenzake wa 20. Mtoto mwenye homa, joto zaidi ya nyuzi 37.5, aliyepata 30 alikuwa na hatari karibu mara mbili. Kipimajoto cha kwapani, kitu cha bei ndogo kuliko vyote wodini, ndicho kinachosaidia kuamua ujazo wa damu.

Swali la pili: je, kila mwenye 4 hadi 6 atundikiwe damu papo hapo, hata kama anapumua vizuri na ana fahamu? Watoto 1,565 wa namna hiyo walipangwa, nusu wapewe damu mara moja, nusu wafuatiliwe kwa karibu na wapewe tu wakizorota. Vifo ndani ya siku 28 havikutofautiana. Lakini karibu nusu ya waliosubirishwa hatimaye walihitaji damu. Mama yetu alisisitiza sentensi hii ibaki kwa herufi nzito, maana mlezi akisikia "tunasubiri" lazima ajue kusubiri huko ni kuangaliwa kwa karibu: kupimwa tena na tena, na damu iwepo. Mahali ambapo hakuna wa kumpima tena usiku, kusubiri ni hatari.

Kisha kuna kile kinachotokea baada ya kutoka hospitali, ambacho walezi wengi hawakijui. Mtoto anaruhusiwa, rangi imerudi, nyumba nzima inashukuru, na miezi inayofuata ndiyo yenye hatari kubwa. Katika hospitali 9 za Kenya na Uganda, watoto 1,049 wa chini ya miaka 5 waliolazwa kwa upungufu mkali wa damu walipewa dawa ya malaria ya dihidroatemisinini na piperakwini wiki ya 2, ya 6 na ya 10 baada ya kuruhusiwa, au vidonge visivyo na dawa. Katika wiki za kinga, vifo na kulazwa tena vilishuka kwa asilimia 70. Matokeo yalitoka mwaka 2020 na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kinga hiyo. Tumeweka kalenda ndogo ya miezi mitatu ya kujaza tarehe za kurudi. Nimeomba ichorwe kubwa.

Aprili. Selimundu

Ukurasa wa kwanza unaanza na jambo la kutofanya: mtoto wa selimundu asipewe dawa ya chuma mpaka kipimo kionyeshe amepungukiwa. Seli zake huvunjika ndani ya mwili mwenyewe na chuma chake hubaki humohumo. Kila chupa ya damu anayoongezewa humwingizia chuma kingine, na mwili hauna njia ya kukitoa. Kinachomwishia ni foliki, kwa sababu uboho wake hufanya kazi mchana na usiku. Juisi ya rozela tumesema anywe kama kinywaji, haimdhuru, lakini isichukue nafasi ya dawa.

Penisilini ina jaribio ambalo kila mlezi anayechoka kumnywesha mtoto asubuhi na jioni anastahili kulijua. Marekani, 1986: watoto wadogo 215 wenye selimundu, nusu penisilini, nusu vidonge visivyo na dawa. Maambukizi makali ya bakteria wa nimokoka yalipungua kwa asilimia 84, na wote watatu waliofariki kwa maambukizi hayo walikuwa upande usio na dawa. Jaribio likasimamishwa mapema ili wote wapewe.

Haidroksiyurea, dawa ya kumeza ya selimundu, inahitaji hadithi ndefu. Mwaka 1948 daktari Janet Watson wa New York aliona kuwa vichanga wenye selimundu hawaumwi miezi ya mwanzo, akahusisha na himoglobini ya tumboni ambayo kichanga huzaliwa nayo na ambayo haijikunji. Haidroksiyurea huirudisha himoglobini hiyo. Mwaka 1995 jaribio la watu wazima 299 Marekani na Kanada lilionyesha waliopata dawa wakiwa na wastani wa vipindi vya maumivu 2.5 kwa mwaka, dhidi ya 4.5 kwa wasioipata, na mwaka 1998 dawa ikaidhinishwa Marekani kwa watu wazima.

Huku kwetu ilikawia, na hofu moja kubwa ilikuwa malaria. Je, dawa inayogusa uboho na chembe nyeupe haitamwacha mtoto wazi kwa vimelea?

Hapa mama yetu alisimamisha kazi. Alisoma kwamba kwenye jaribio la NOHARM, Hospitali ya Mulago, watoto zaidi ya 200 wa mwaka 1 hadi chini ya 4 waligawanywa, nusu wakapewa dawa na nusu vidonge visivyo na dawa, na wala wazazi wala madaktari hawakujua nani kapata nini. Akauliza kwa hasira ya haki kabisa: "Mtoto mgonjwa anapewaje kidonge kitupu?" Tulizungumza jioni nzima. Nilimwambia kwamba wakati ule hakuna aliyejua kama dawa ingeongeza malaria na kuua. Kama ingekuwa hivyo, waliopata vidonge vitupu ndio wangekuwa wamesalimika. Wote walipewa vyandarua na dawa ya kuzuia malaria kila mwezi. Na mwaka ulipoisha, wote walipewa haidroksiyurea. Akasema basi hayo yote yaandikwe, hasa la mwisho. Yameandikwa.

Matokeo, 2017: malaria haikuongezeka, ilikuwa kidogo pande zote mbili. Waliopata matatizo ya selimundu walikuwa asilimia 45 kwenye dawa na 69 bila dawa.

Kisha jaribio la REACH, lililochapishwa mwaka 2019: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, watoto 606 wa mwaka 1 hadi 10 walioanza dawa. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Tumemweleza msomaji pia kwamba hapa hakukuwa na kundi la vidonge vitupu: kila mtoto alilinganishwa na alivyokuwa kabla, na huduma ya karibu nayo husaidia. Lakini ukiiweka juu ya NOHARM, inasimama.

Mwaka 2020 Uganda ilijibu swali la dozi. Watoto waliopandishiwa dozi taratibu hadi kiwango cha juu kinachovumilika, takriban miligramu 30 kwa kilo, walipata maumivu machache na damu chache kuliko waliobaki kwenye 20, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi.

Mei. Kidonge kimoja cha miligramu 500

Ukurasa huu haukuwa kwenye mpango. Umeletwa na walezi wenyewe.

Mtoto wa kilo 12 kwa dozi ya miligramu 20 kwa kilo anahitaji 240 kwa siku. Kapsuli wanayopewa ni ya 500. Vidonge vya miligramu 100 vipo duniani, kwenye rafu za huku ni nadra. Tumeeleza namna dozi inavyohesabiwa na kwa nini inabadilika mtoto akiongezeka kilo, tukasisitiza kwamba mpango wa kumeza unatoka kwa daktari wa kliniki na unaandikwa kwenye kadi. Mlezi asifungue kapsuli kwa makadirio yake, na mama mjamzito asiguse unga wake kabisa. Picha kamili ya damu inapimwa kwa ratiba, maana chembe nyeupe zikishuka kupita kiasi dawa husimamishwa kwa muda, kisha huanza tena.

Majaribio yamethibitisha dawa, na mtoto wa kilo 12 bado anasubiri kidonge kinachomtosha. Nimeliandika hivyo hivyo kijitabuni bila kulilainisha.

Juni. Dawa mpya, na iliyoondolewa

Wazazi wenye simu huja na habari za dawa ya selimundu iitwayo voxelotor na za kuhariri jeni, kwa hiyo lazima tuseme.

Voxelotor iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa haraka, kwa kuwa ilipandisha himoglobini. Septemba 2024 Pfizer iliiondoa duniani kote. Katika jaribio mojawapo lililoendelea, la watoto wa nchi kadhaa zikiwemo Kenya na Oman, vifo vilikuwa vingi zaidi kwenye dawa: 8 dhidi ya 2. Namba kwenye mashine ilipanda, watoto hawakupona. Nimeusoma ukurasa huu mara kwa mara na kila mara unanirudisha kwa wagonjwa wa figo. Huko nako, sindano za eritropoietini, homoni inayochochea uboho kutengeneza damu, ziliwapunguzia sana watu haja ya kuongezewa damu, ndipo madaktari wakafikiri kwamba ukipandisha himoglobini hadi ya mtu mzima wa afya utafanya vizuri zaidi. Jaribio la 2006 lililolenga 13.5 badala ya 11.3 lilileta vifo na matatizo ya moyo zaidi. Lingine la 2009, wagonjwa 4,038 wa kisukari na figo, kiharusi kilikuwa 101 kwenye dawa na 53 bila dawa. Kwa hiyo kurasa hizi mbili tumezipanga zitazamane.

Kuhariri jeni: tiba ya selimundu iitwayo Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huohuo. Kati ya wagonjwa 30 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila maumivu makali. Bei Marekani ni dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali ya kufuta uboho wake. Upandikizaji wa uboho kutoka kwa ndugu umeanza Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hili mzazi anaweza kuliuliza leo, akiwa na mtoto mwingine ambaye uboho wake unalingana.

Aina nyingine zimepata mistari michache kila moja. Upungufu wa vitamini B12, ambao ulikuwa unaua hadi Minot na Murphy walipowalisha wagonjwa ini mwaka 1926. Uboho uliokauka, ambao hutibiwa kwa dawa za kutuliza kinga, na jaribio la Ulaya la 2022 likaonyesha kuwa kuongeza dawa ya eltrombopagi kunafanya wengi zaidi wapone mapema. Thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, na dawa yake ya luspatesepti. Na ukosefu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ulisababisha dawa ya malaria ya Lapdap iondolewe mwaka 2008 kwa kuwa dapsoni iliyomo ilikuwa inavunja damu ya wenye kasoro hiyo. Watu wa umri wangu wanaikumbuka.

Julai. Kusomewa walezi

Tumekaa na walezi chini ya mwembe wa kliniki, tukawasomea kurasa kwa zamu. Pemba iliwagusa kuliko zote. Bibi mmoja alisema: "Kumbe hata kupewa bure kuna kupimwa kwanza." Ukurasa wa damu na homa uliombwa urudiwe.

Kisha baba mmoja, ambaye mwanawe aliwahi kuombwa kuingia kwenye utafiti, akauliza: "Jaribio likiisha na dawa ikaonekana nzuri, sisi tutaendelea kuipata, au itaondoka na magari yao?"

Tulikuwa tumeandika ukurasa wa maswali ya kuuliza kabla ya kusaini: utafiti umeidhinishwa na NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu)? Dawa inajulikana TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba)? Nikitaka kumtoa mtoto, huduma yake ya kawaida itaendelea? Akiumia nani atamtibu? Swali la baba tulikuwa tumelitaja mwishoni kwa sentensi moja. Azimio la Helsinki linataka jambo hilo lipangwe na kuelezwa kabla ya jaribio kuanza, na mifano ya NOHARM tunayo. Tumelipeleka juu, limekuwa swali la kwanza, na chini yake tumeacha mistari ya mlezi kuandika jibu alilopewa, tarehe, na cheo cha aliyemjibu.

Mama yetu amepitisha kurasa zote isipokuwa ule wa thalasemia, ambao anasema bado una maneno ya kitabibu mengi. Naurudia wiki hii. Nyingine zinakwenda kwa mpiga chapa Jumatatu, na nakala za mwanzo zitaanzia kliniki ya wajawazito.